Kumbukumbu ya mradi: kulinganisha protini za hamira na za binadamu

Programu sasa inafika mwisho bila kukwama, kwa hiyo wiki hii nimekaa na matokeo yenyewe.

Kwa wanaoingia leo: hamira ina jeni zipatazo 6,000, binadamu ana takriban 20,000 zinazotengeneza protini. Kila protini ya hamira naitafutia mwenza upande wa binadamu, ili mbili zinazoshikana huku, wenza wao nao washikane kule. Kujaribu mipangilio yote hakuwezekani kwa kompyuta yoyote. Natumia mbinu ya kupoza polepole, ileile iliyomo ndani ya SANA, programu ya kulinganisha mitandao ya Mamano na Hayes (2017). Unaanza na mpangilio wa kubahatisha, unabadilisha wenza wawili. Alama, yaani namba inayopima ubora wa mpangilio, zikipanda unakubali, zikishuka unakubali mara mojamoja, na mara hizo zinapungua kadiri "joto", ambalo ni namba tu ndani ya programu, linavyoshuka. Kasi inatokana na kutohesabu upya mtandao mzima, yaani protini zote na viungo vinavyoonyesha zipi zinashikana: wenza wakibadilishana, viungo vinavyoguswa ni vyao tu. Sehemu hiyo ya msimbo naipenda kuliko zote.

Kwenye alama sihesabu tena viungo vilivyohifadhiwa pekee, yaani vile vya hamira vinavyopatikana pia kati ya wenza wao. Kipimo hicho kinavutia hamira nzima kwenye sehemu ya binadamu iliyosongamana, maana humo karibu kila protini inashikana na nyingine. Nimehamia S3, kipimo kilichokuja na MAGNA, programu nyingine ya kulinganisha mitandao, mwaka 2014. Chenyewe kinatoza pia viungo vilivyozidi upande wa pili.

Mtihani wangu ni proteasomu, mashine ya seli inayokatakata protini zisizohitajika tena. Kiini chake ni pete nne zenye protini saba kila moja, kwa hamira na kwa binadamu vilevile. Nikiipa programu umbo la mtandao peke yake, inaipeleka proteasomu kwenye proteasomu, na nilifurahi sana kuliona hilo. Ndani ya pete, hata hivyo, inachanganya: protini moja ya aina ya alfa inapewa nafasi ya alfa nyingine. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu hao saba wana majirani karibu walewale. Umbo linakufikisha mtaani. Kujua nyumba ni ipi unahitaji mfuatano wa asidi amino, vipande vinavyoiunda protini.

Basi nimeongeza uzito wa mfuatano, kama programu ya IsoRank ilivyofanya mwaka 2008. Hapa pana mtego. Maelezo mengi ya kazi za protini kwenye hazina ya Gene Ontology yametolewa kwa kufananisha mfuatano, hivyo ukiyatumia kupima ubora, mfuatano utashinda kila mara: unajipa cheti mwenyewe. Nimebakiza yale tu yaliyothibitishwa maabara. Faili imepungua sana, lakini naiamini.

Ninakoelekea ni kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2002, zaidi ya nusu ya protini zake hazikufanana vya kutosha na chochote kilichojulikana. Huko mfuatano hausaidii sana, na umbo la mtandao ndilo linalobaki. Mwaka 2005 Suthram na wenzake waliulinganisha mtandao wake na wa hamira wakapata makundi matatu tu ya pamoja. Data ya wakati ule ilikuwa na viungo 2,800 hivi. Nitaanza na data hiyohiyo, uzito wa mfuatano ukiwa sifuri, nione kama yale matatu yatajitokeza.