Rangi zikipauka baada ya kuhifadhi picha

Ndani ya Photoshop kilemba cha dada kilikuwa chekundu cha kuwaka. Nikaihifadhi JPEG, nikaifungua kwenye simu: kilemba kimepauka, uso kama wa mgonjwa. Wengi hukimbilia kuilaumu JPEG, lakini naona inaonewa bure. Mgandamizo wake hula vitu vidogo vidogo. Haufifishi picha nzima namna ile.

Mchawi ni profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema kila namba ya picha ni rangi gani hasa. Faili lilikuwa kwenye profaili ya Adobe RGB ya mwaka 1998, yenye wigo mpana (yaani inabeba rangi nyingi zaidi), hasa upande wa kijani. Programu isiyosoma profaili huzichukua namba zilezile na kuzisoma kwa sRGB, kiwango cha 1996 chenye wigo finyu zaidi. Namba hazijaguswa, ila rangi inapoa.

Dawa yake: kabla ya kuhifadhi, igeuze picha iwe sRGB. Tumia amri ya kugeuza profaili, si ile ya kupachika, maana hiyo hubandika lebo mpya tu na rangi zinavurugika palepale. Kisha weka tiki profaili iambatane na faili.

Bado zinatofautiana? Kagua simu yenyewe. Yangu hujiwashia mwanga wa njano kila jioni, na huo hakuna profaili inayouweza.