Bili ya dola 375 na masikio yanayosema uongo

Dola 375. Ndiyo bili ya Jumatatu, somo la urubani huku Marekani, saa moja na nusu hewani, na muda mwingi niliyumba tu kama mlevi. Ibadilishe kwa shilingi mwenyewe halafu piga hesabu pale Langoni, Lamu, punda unampata na shogi lake na hela ya majani inabaki.

Lakini bili si kitu. Kilichoniuma ni instakta, kijana wa miaka 24, kuniambia eti narusha ndege kama mtu anayesukuma mashua. Mimi! Mtoto wa Lamu, kwetu uwanja wenyewe wa ndege uko Manda, ukishuka kwenye ndege unapanda boti ndo ufike nyumbani. Nilinyamaza, maana huku hata ukijibizana na mwalimu dakika zinahesabiwa kwenye bili.

Kwa wasiojua, leseni ya kwanza unaruka ukiona nje. Hii ya sasa ni ya kuruka kwa geji, ndani ya wingu, chini hukuoni na upeo hauuoni. Sheria ya Marekani inataka saa 40 za hivyo, ziwe za wingu kweli au za kuvalishwa miwani iliyozibwa juu usione ila dashibodi. Miwani niliizoea. Wingu ndo lilinitoa kamasi. Ndani ya sikio kuna maji, ukikata kona pole pole kwa muda yanatulia na sikio linakwambia umenyooka, sasa ukinyoosha mabawa kweli mwili mzima unapiga kelele kwamba unapinduka upande wa pili, geji inasema uko sawa na wewe unaiona geji ndo muongo. Mara tatu nilifuata mwili, mara tatu instakta akashika usukani. Na hapo hapo waongozaji wa ndege kwenye redio wanakwambia kazunguke hewani usubiri, kona za kulia nyuzi 3 kwa sekunde, njia ya kurudi dakika 1, upepo upigie hesabu, redio ijibu, na Kiingereza cha Texas nusu wanakimeza.

Nyinyi mnaoniuliza inboksi kila siku: viza ya M-1, ile wanayopewa wanafunzi wengi wa urubani, haikuruhusu kufanya kazi ukiwa unasoma, msidanganywe. Asiye raia lazima TSA, watu wa usalama wa usafiri, wamkubali kwanza, hata mimi mwenye grinikadi nilipita hapo. Na leseni ya huku haikufanyi rubani wa Kenya, KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, wana utaratibu wao. Mimi nalipa kwa shifti za usiku ghalani, saa moja baada ya nyingine. Shamba la minazi la baba liacheni, msiliuze.

Usiku nikampigia Ami, nahodha tangu mimi sijazaliwa. Masalkheri Ami, nikamweleza yote nikitaraji atanitukania yule kijana. Akacheka mpaka akakohoa. “Mwanangu, usiku wa kusi, hapana nyota, dira yakwambia chombo chaenda huku, matako yakwambia chaenda kule. Watizama dira. Matako yatukane, lakini usiyafuate.”

Jana tukapanda tena, wingu zito vile vile. Mwili ukaanza uongo wake, nami nikaanza kuyatukana matako kwa Kiswahili, kwa sauti, instakta akidhani nasali. Macho kwenye geji tu: ile ya upeo, ile ya kimo, upeo, dira, upeo, spidi. Tukashuka kwa ILS, mawimbi ya redio yanayokuongoza mpaka njia ya kutua, pale ukifika futi 200 hujaona kitu unapaa ukajaribu tena, sisi kwenye 400 taa za njia zikatokea mbele, zimenyooka katikati ya kioo. Instakta akasema “okei”, basi. Bili 375 ile ile, hiyo nililipa bila hata kuisoma.

Nikamtumia Ami voisinoti ndefu ya kujisifu. Akajibu swali moja tu: “Na dira ikiharibika?”

Ndo somo la Ijumaa. Instakta anaziba geji mbili kwa vipande vya mpira.