Shule ya makanzu ya bluu

Ukitaja shule kongwe za Uingereza kila mtu anakimbilia Eton, Eton, Eton. Sawa, ila mimi naona yenye stori tamu kuliko zote ni Christ's Hospital, iko Horsham kule West Sussex (jina lisikuchanganye, hakuna wagonjwa pale). Hata hiyo Eton mfalme Henry VI aliianzisha 1440 ili vijana 70 wasio na uwezo wasome bure, afu polepole wenye hela wakaijaza. Hii ya Horsham haijawageuka wale iliyoanzishwa kwa ajili yao, au niseme haijawageuka sana.

Ilivyoanza ni hivi, Henry VIII alifunga nyumba za watawa miaka ya 1530 na kumbe ndo hizo hizo zilikuwa zinalisha na kuhifadhi maskini, kwa hiyo London ikajaa watoto wanaolala nje. Henry akafa, akaja mwanae Edward VI, bado kijana mdogo, Askofu Ridley akahubiri mbele yake kuhusu hali ya maskini wa jiji na maneno yakamwingia. Meya na matajiri wa London wakachanga, wakachukua majengo ya watawa wa Mtakatifu Fransisko pale Newgate yaliyokuwa yamekaa tu, na Novemba 1552 wakapokea watoto 380. Kama 100 kati yao walikuwa wadogo mno, hao wakapelekwa nje ya jiji kulelewa kwanza. Hati ya kifalme ilisainiwa Juni 1553 na siku chache tu mbele mfalme huyo akafariki, ana miaka 15. Wasichana nao walikuwemo tangu mwanzo, jambo ambalo kwa karne ile si dogo.

Sasa yunifomu. Kanzu ndefu ya bluu inayoshuka hadi chini ya magoti kabisa, mkanda wa ngozi kiunoni, vitambaa vyeupe shingoni na soksi ndefu za njano, eti rangi ya njano iliwekwa kufukuza panya, hiyo ichukue kama hadithi ya bwenini tu. Zamani ilikuwa nguo ya yatima, ukionekana nayo mtaani kila mtu anajua huyu analelewa kwa sadaka. Leo inatolewa bure kwa wote, mtoto wa anayelipa ada kamili na mtoto wa asiyelipa hata senti wanavaa kitu kile kile, huwezi kujua nani ni nani. Na wanafunzi walipopigishwa kura waibadilishe au la, wengi mno wakasema iachwe! Mimi ningetegemea vijana wa miaka 15 waikatae siku ya kwanza.

Mwaka 1673 Charles II aliongeza kitengo cha hisabati kwa wavulana 40, wafundishwe kuongoza meli kwa sababu jeshi la majini lilikuwa linahitaji watu, na Samuel Pepys, mtendaji serikalini upande wa jeshi hilo, alikuwa mstari wa mbele kwenye mpango huo. Kumbukumbu yake ni mchoro mkubwa wa msanii Verrio ukutani kwenye bwalo la chakula, urefu wake mita 26 hivi. Watoto wanaingia bwaloni humo mchana kwa gwaride, bendi mbele, yaani kwenda kula tu.

Tusiipake asali lakini. Mshairi Coleridge na mwandishi Charles Lamb waliingia hapo kama wanafunzi 1782, na Lamb aliandika wazi kuhusu viboko na njaa. Mwalimu wao mkuu Boyer alikuwa mkali balaa, ingawa Coleridge baadaye alimsifu kwa kumfundisha kwamba kila neno la shairi lazima liwe na sababu ya kuwepo. Na kuna mabaya ya juzi juzi: 2018 walimu kadhaa wa zamani walifungwa kwa kuwadhalilisha kingono wanafunzi miaka ya nyuma. Hilo haliwezi kufunikwa na bendi wala kanzu.

1902 wavulana walihama kutoka London kwenda Horsham, kwenye uwanja mpana, shule ikawa hadi na stesheni ya treni yenye jina lake. Wasichana walibaki kwenye tawi lao la mji wa Hertford, wakaja kuungana nao 1985. Siku hizi ada inapangwa kwa kuangalia kipato cha mzazi na wengi wanapunguziwa, wengine wanafutiwa kabisa, hela inatoka kwenye mali na michango iliyokusanywa karne kwa karne.

Mchango ninaoupenda ni wa Barnes Wallis, aliyesoma pale, ndo mhandisi wa lile bomu la kuruka juu ya maji lililovunja mabwawa ya Ujerumani Mei 1943. Usiku ule marubani na wenzao 53 walikufa na inasemekana jambo hilo liliendelea kumuuma Wallis. Serikali ilipomzawadia pauni 10,000 baada ya vita, alizitoa zote kwa shule yake, ziwasomeshe watoto wa wanajeshi wa anga waliokufa.