Mradi wa naksi: mshale umetulia, mfaa bado

Haya jamani, mshale wa mausi umetulia. Nauzungusha kona hadi kona kwenye skrini zote mbili, haupotei wala haupepesi, na laptopu nimeizima nikaiwasha makusudi nione kama itanigeuka, haikugeuka. Naandika sasa hivi manake mambo ya xrandr, ile amri ya kupangia skrini kwenye Linux, ukiyalaza kidogo tu yashatoka kichwani.

Mnaofuatilia mwajua nilipofika. Naksi za milango nazifuatisha kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, picha nimezipiga mwenyewe vichochoroni hapa Lamu, ili ami yangu mchongaji awe nazo kwa kipimo halisi kuliko yale makaratasi yake yaliyoliwa na mende. Tulikuwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wenye majani yaliyopandana ambayo kila jani lina mkunjo wake. Leo nilikuwa niandike vile navyonyoosha picha iliyopigwa upande, hilo litangoja.

Chanzo cha balaa ni monita. Nimepata ya mtumba, 1920x1080, ikaja na basi mpaka Mokowe halafu boti, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Laptopu yangu ni ya zamani, 1366x768, paneli za Inkscape peke yake zaimaliza skrini yote, basi nikaona monita iwe ya kuchorea na laptopu niipanue niweke paneli huko:

xrandr --output LVDS-1 --scale 1.25x1.25 --pos 0x0 --output HDMI-1 --pos 1708x0

(1366 mara 1.25 ni 1707.5, ndo maana ya 1708, ukiweka chini ya hapo skrini zapandana.) Ikakubali, vitu vikawa vidogo, nafasi ikaongezeka, raha. Kisha nikapeleka mshale kwenye monita kubwa nao ukaanza kupepesa. Upo, haupo, upo, haupo, ukisimama pengine warudi pengine hata. Na angalia, monita kubwa mie sikuichokoa kabisa! Niliyoichokoa ni ya laptopu na huko mshale ni mzima, iliyokaa kimya ndiyo yaumwa. Hilo ndilo lililonikondesha. Unanyemelea nodi ndogo, kile kidoti cha kushikia mstari, kwenye ncha ya jani, ukikaribia mshale hauko, unabonyeza kwa kukisia, unavuta jani zima. Ami kakaa nyuma yangu na kahawa yake anatazama, aniambia, "Mwanangu, na hicho kidudu chako chaenda wapi kila mara?" Namwambia kitarudi ami, ngoja. Akangoja, akamaliza kahawa, akaenda zake msikitini.

Ushauri nilioupata ni ule ule, badilisha mausi. Kila mtu mausi. Mausi inahusiana nini na mshale usioonekana, mshale ungekuwa waruka au wagoma hapo sawa, lakini huu ulikuwa waenda pale pale ninapoutaka, kitufe chini yake chabadilika rangi, ila wenyewe huuoni. Nikabadilisha thimu, nikazima kompozita ya Xfce (desktopu ninayotumia), nikabadilisha kebo ya HDMI, ni vile vile. Nikipiga skrinshoti nimtumie mtu, mshale huo hapo umekaa vizuri, ananiambia mbona sioni shida. Ikabidi nirekodi video na simu.

Na hiyo skrinshoti ndiyo iliyonifungua macho. Mshale kwa kawaida si sehemu ya picha ya skrini. Kadi ya grafiki ina kijinafasi chake pembeni, kwenye kadi nyingi za zamani ni pikseli 64 kwa 64, mshale unawekwa humo na kadi yenyewe inauelekeza juu ya picha wakati wa kuitoa kwenye skrini, ndo maana unateleza hata mashine ikiwa imelemewa. Programu ya skrinshoti ikitaka kukuonyesha mshale inaubandika yenyewe baadaye, kwa hivyo ulichokiona kwenye skrinshoti si kile kilichoko kwenye kioo. Huo ni mshale wa hadwea. Kuna wa softwea pia, huo X, programu inayoichora skrini kwenye Linux, anauchora ndani ya picha, anaufuta, anauchora tena kila ukisogeza. Sasa ukipanua skrini moja kwa --scale, skrini ile yahitaji wa softwea, na jirani yake asiyepanuliwa bado ana haki ya hadwea, X anabaki kuwabadilisha badilisha hawa wawili na wewe unaona kupepesa. Ni dudu (hitilafu) la Xorg, yaani hiyo hiyo X, la miaka na mikaka.

Dawa yenyewe inachekesha. Unaidanganya X kwamba na hiyo monita nyingine imepanuliwa:

xrandr --output HDMI-1 --scale 0.9999x0.9999

Basi. Sifuri nukta tisa tisa tisa tisa. Skrini zote mbili sasa zina scale, zote zinatumia mshale wa softwea, ugomvi umekwisha. Maandishi yakionekana yamefifia kidogo ongeza --filter nearest, kama xrandr yako ni 1.5.1 au juu yake. Nimeitia yote kwenye ~/.xprofile, faili linalosomwa kila nikiingia.

Kuna watakaosema weka Option "SWcursor" "true" kwenye xorg.conf.d, folda ya mipangilio ya X. Ndiyo, inafanya, na mwisho wa siku ni kitu kile kile, lakini hiyo mpaka uwe root (msimamizi wa mashine) na uanzishe X upya, na ukikosea herufi unalala na skrini nyeusi. Ya xrandr naitoa na kuirudisha huku Inkscape iko wazi. Watu wa Wayland, mrithi wa X, nao najua mtakuja kuniambia "hamieni huku", na nyie mwatembea na WLR_NO_HARDWARE_CURSORS=1 mfukoni, ya kuzima mshale wa hadwea, kwa hivyo tusichekane. Hata Windows mshale ukiharibika watu huwasha ile mikia ya mausi, na sababu ni hiyo hiyo, kuulazimisha uchorwe kwa softwea.

Gharama ipo, sifichi. Nikiweka kivuli chenye blur kwenye mlango mzima mshale nao unakwama mpaka Inkscape imalize. Navumilia, blur si ya kuchongea mbao.

Sasa mfaa ungekuwa umekwisha lakini nikapata wazo. Maadamu mshale ni wangu, kwa nini nisitengeneze wa naksi? Msalaba mwembamba wenye ua dogo katikati. Nimeuchora 25 kwa 25 na sio 24, namba witiri ndiyo ina pikseli ya katikati kweli kweli, halafu faili la xcursorgen, kile chombo cha kutengenezea mishale, mstari mmoja tu:

24 12 12 msalaba.png

Hizo 12 12 ndipo mshale unapogusia, zikienda pembeni kwa moja tu utakuwa unabonyeza jirani. Nikaiweka ~/.icons/Naksi/cursors, index.theme, viungo vya left_ptr na crosshair (mshale wa kawaida na wa msalaba), nikawasha. Unapendeza wallahi, kwenye desktopu, kwenye folda, kila mahali. Nikafungua Inkscape, nikaingia kwenye turubai, mshale ukageuka ule wa zamani. Kumbe Inkscape mpya ina mishale yake, imo kwenye folda ya cursors ndani ya icons, na kila mmoja ni faili la SVG, aina ile ile ya michoro ya Inkscape.

SVG! Kwa hivyo saa hizi nimeufungua mshale wa Inkscape ndani ya Inkscape nauchora upya, na ami ashatuma mtoto mara nyingine kuuliza mfaa, mbambakofi yake ishapigwa randa yangoja.