Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya barua ya wazazi

Saa 12:40 asubuhi. Darasa la tatu liko kimya, niko peke yangu na karatasi. Kila Ijumaa naandika barua ya wazazi. "Wazazi wapendwa," halafu kalamu inagoma. Jumanne tunakwenda makumbusho. Fomu za ruhusa nilizotoa ni 34, zilizorudi 27.

Saa 1:30. Watoto wanaingia na fomu mbili zaidi. Moja imekunjwa ikawa ndege. Sahihi ipo, napokea. Ya pili, kwenye swali la mzio, imejibiwa "hana", na mtoto huyohuyo juzi nilimwona akivuta dawa ya pumu. Mzazi hajadanganya. Fomu yangu haikuuliza pumu. Narekebisha palepale, kabla sijasahau.

Saa 2:15. Hisabati, 52 kutoa 27. Kijana wa dawati la nyuma ananyoosha kidole: "Mwalimu, babu anasema hivyo sivyo."

Ubao naugawa katikati. Upande mmoja njia yangu: 2 haitoshi kutoa 7, tunakopa kumi moja kwa jirani, 52 inakuwa 40 na 12. Kumi na mbili toa 7 ni 5, arobaini toa 20 ni 20. Jibu 25. Upande wa pili njia ya babu, ambaye hakopi kwa mtu: anaongeza 10 kwenye mamoja ya juu, kisha anaongeza kumi moja kwenye makumi ya chini. Kwa hesabu yake ni kama 62 kutoa 37. Jibu 25 tena.

Darasa linanitazama kama nimefanya mazingaombwe. Nawaambia: ndugu wawili wakipishana miaka 3, hata wakizeeka watapishana miaka 3, maana wote wanaongezewa sawasawa.

"Kwa hiyo babu yuko sawa?"

"Yuko sawa. Mpelekee shikamoo yangu."

Hili linaingia kwenye barua, tena kwa aya nzima: mzazi asiyeelewa daftari amwombe mtoto amweleze, na njia ya pili ingoje ya kwanza imkae kichwani. Miaka ya nyuma ningeandika tu "wazazi wafuate njia ya shule". Ingemnyamazisha babu bila kumsaidia mtoto.

Saa 4:00. Mapumziko. Mpira wa darasa la sita umeteka uwanja mzima, wadogo wanaruka kamba ukutani kwenye nafasi ya upana wa mkeka. Na mwalimu wa zamu tunachora mstari wa chokaa. Wakubwa wananuna. Acha wanune.

Saa 5:30. Mama mmoja amepita ofisini. Anataka kuandika jina la mwanawe kwa herufi kubwa mgongoni, asipotee safarini. Namsihi asifanye hivyo: mtu asiyemjua akimwita kwa jina, mtoto atadhani ni wa kwao. Kitambulisho kitakuwa na namba ya simu ya shule, basi.

Saa 7:00. Mazoezi ya safari. Kila mtoto na mwenzake, kila mtu mzima na orodha ya watoto wake sita au watano. Tunawahesabu kwa kuwagusa bega: langoni, ndani ya basi, wakishuka, na kabla ya kurudi. Ukiuliza "mpo wote?" watajibu "ndiyooo!" hata nusu yao wakiwa msalani.

Saa 8:20. Barua imefika ukurasa na nusu. Mwalimu mkuu anakata "mbinu shirikishi za ujifunzaji" kwa kalamu nyekundu. "Hii inasomwa na mtu aliye kwenye foleni," ananiambia. Kweli. Napandisha juu yale ambayo mzazi anatakiwa kufanya: fomu ifike Jumatatu asubuhi, kitabu cha maktaba kirudi Jumatano kwa sababu Alhamisi madarasa matatu yanaitumia, dawa ya pumu mkononi mwa mwalimu. Mengine yanafuata chini, na mstari wa chokaa unapata sentensi moja. Ukurasa mmoja unatosha. Nyuma ya kila barua naandika jina la mtoto.

Saa 9:30. Wameondoka. Fomu zimefika 31.

Karibu na lango naokota karatasi iliyokunjwa ikawa ndege. Naikunjua kutazama jina, ingawa nimeshajua ni ya nani.