Nilivyofuata mchanga mweusi hadi mto Yala

Hii safari ilianzia kwa lori la mchanga. Najenga kanyumba huku Mamboleo, Kisumu, na juzi mvua ikapiga ule mchanga wa kujengea nikaona michirizi myeusi juu yake kama masizi, nikadhani tumeuziwa uchafu, nikatafuta sumaku ya spika iliyoharibika nikaipitisha pale na ikatoka na ndevu za mchanga mweusi. Ndevu kabisa! Nikampigia dereva, akaniambia mchanga ni wa Yala na huko huo mweusi haushangazi mtu, wanaufuata ndio wapate dhahabu. Jumamosi nikaenda kujionea.

Matatu ya Kakamega saa kumi na mbili asubuhi, Kiboswa baridi, Chavakali chai na mandazi, halafu unateremka unavuka Yala, nikashuka Khayega nikachukua boda kuelekea upande wa Ikolomani, barabara nyekundu ya vumbi mpaka kwa mto.

Nilimkuta mama mmoja ndani ya maji, yamemfika magotini, mtoto mgongoni. Tukasalimiana Kiluhya, mulembe, mulembe. Nikamuuliza mama mbona huchoti pale katikati kwenye mchanga mwingi, akacheka, akaniambia kijana wangu pale ni bure, dhahabu inakaa huku ndani ya kona na nyuma ya mawe makubwa. Na ni kweli kabisa, maji yakipinda yanapunguza mbio upande wa ndani, na yakipunguza mbio ile mizigo mizito inaangushwa kwanza. Fikiria jerikeni ya lita 20. Ikijaa maji ni kilo 20, ukiweza kuijaza kwatzi tupu, ule mchanga mweupe wa kawaida, ni kama kilo 53, magnetaiti yaani ule mweusi unaoshikwa na sumaku inapita kilo 100, na dhahabu ni kilo 386. Mto unapima hiyo mizigo mchana na usiku bila mzani.

Akazungusha karai. Weupe ukamwagika wa kwanza, polepole, akaongeza maji akazungusha tena, mpaka ikabaki tu mwezi mwandamo mweusi chini ya karai, laini kama majani ya chai yaliyosagwa, na ndani yake chembe chache nyekundu nadhani ni ganeti, aina ya madini, halafu pale pembeni kabisa vidoadoa vitatu vya njano. Vidogo kuliko mbegu ya sukumawiki. Moyo wangu uliruka jamani.

Mzee mmoja aliyekuwa ukingoni akanieleza hii dhahabu ndio ilileta wazungu mbio Kakamega kuanzia 1931, mpaka mgodi wa Rosterman ukafungwa 1952. Yenyewe inatoka kwa mishipa ya kwatzi ndani ya miamba ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, mvua inaimomonyoa kidogokidogo na mto unabeba.

Sasa kitu kilichoniuma. Mama akatoa kichupa kidogo, akamwagia tone la zebaki kwenye ule mweusi, akakanda kwa kidole. Zebaki inameza dhahabu inakuwa kadonge, anakamua kwa kitambaa, anachoma kwa kijiko juu ya jiko na moshi unapanda hapohapo mtoto alipo. Ule moshi ndio mbaya kabisa, unaingia kwa mapafu unaenda kwa ubongo na figo. Na ile inayomwagika mtoni? Jerikeni ileile ikijaa zebaki ni kilo 270. Maana yake nyingi haiendi mbali haraka, inalala palepale dhahabu inapolala, ndani ya kona na nyuma ya mawe, halafu vijidudu vya matope vinaigeuza kuwa sumu inayoingia kwa samaki.

Nikatoa sumaku yangu. Tukakausha mchanga wake kwa bati, nikaifunga sumaku kwa karatasi ya nailoni tukaipitisha, magnetaiti ikaruka yote, ukivuta nailoni inaanguka yenyewe, na kilichobaki tukapuliza polepole mpaka njano ikaonekana bila dawa yoyote. Mama alinyamaza akaangalia. Halafu akasema, "Ni sawa, lakini inachukua muda, na mnunuzi akija saa nane hangoji. Na hii dawa ni yeye anatuletea."

Sikuwa na jibu, maana unga wa jioni unategemea saa nane hiyo. Nikamuachia sumaku na nailoni mbili, akaifunga kwa pindo la leso.

Nikirudi na boda, chini kidogo, nikaona watoto wanaogelea. Walikuwa wamechagua ndani ya kona, pale maji yanapoenda pole.