Siku moja ya mpiga besi wa bendi ya hoteli

Saa nne asubuhi. Mama mwenye nyumba ananikuta uani napiga mswaki na kuniuliza swali lake la kila siku: "Mwanangu, kazi utatafuta lini?" Namwambia shikamoo. Nimelala saa tisa usiku, lakini hilo yeye halioni. Anachoona ni mwanamume mzima anayeamka jua limeshapanda.

Saa tano hadi saa saba, mazoezi Kisauni, hapa Mombasa, nyumbani kwa mpiga kinanda. Hakuna la kusimulia.

Saa nane tunapakia vyombo: spika, miksa, dramu, na ile ampu ya besi yenye uzito wa ng'ombe. Hoteli iko Diani, pwani ya kusini, kwa hiyo tunavuka kwa feri ya Likoni, na leo feri imeamua kutukomoa. Tunakaa muda wa saa moja na nusu kwenye foleni ya magari, bati linachemka, maji yameisha. Tukifika, askari wa lango la nyuma anafungua daftari na kuandika kila chombo, hadi kebo. Lango la mbele si letu.

Saa moja na nusu usiku, seti ya kwanza. Wageni wanakula, sisi tunapiga taratibu, hakuna anayeinua kichwa. Sawa, tunalipwa kwa hilo.

Kwenye saa tatu anasimama bwana mmoja, shati la maua, bia mkononi. Anataka wimbo wa Jambo Bwana. Tunapiga. Anaitaka tena ili mkewe achukue video. Tunapiga. Mara ya tatu anataka kuimba mwenyewe. Meneja ananikonyeza: mpeni. Basi anashika maiki, anaipulizia fuu fuu, anaanza juu mno, tunahama kumfuata, naye anashuka, tunashuka, anapanda. Mpiga dramu amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Akimaliza anawatangazia wenzake kuwa huu ni wimbo wa kale wa kabila la huku, hauna mtunzi.

Hapo ndipo damu huchemka. Wimbo ule una mwenyewe. Aliutunga Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa Pwani hii hii, iliyoanza 1972 na kujijenga kwenye mahoteli kama haya, ikiwapigia wageni kama hawa. Wakaurekodi 1980. Boney M, kundi la Ujerumani, wakauchukua 1983. Kufikia 1987 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya 200,000, na mwaka huohuo bendi ikahamia Nairobi. Embe Dodo, ambayo ni yao pia na kwangu mimi ni tamu zaidi, hakuna mgeni aliyewahi kuniomba.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Yule bwana akanichomekea mia mbili kwenye mfuko wa shati, mikono yangu yote iko kwenye besi, akasema, mara moja ya mwisho. Tukapiga ya nne.

Sisi tuna nyimbo zetu saba. Meneja alishasema zetu tukapigiane kwetu. Lakini akienda kuhesabu vinywaji huwa tunachomeka mmoja, na leo tumeuchomeka. Mhudumu mmoja akacheza na trei yake ya glasi tupu, kutoka meza ya mwisho hadi jikoni. Hakudondosha hata moja.

Baada ya hapo saa sizijui tena. Ugali wa wafanyakazi umepoa. Kukunja kebo. Daftari la askari tena, na kebo moja haionekani, tunafungua mabegi yote. Kumbe nimeivaa shingoni.

Kwenye feri mpiga kinanda anagawa pesa kwa taa ya simu. Toa mafuta, toa dereva, toa spika iliyokwenda kwa fundi. Inabaki elfu moja na mia mbili kila mtu. Huko nyuma ya gari mpiga dramu, nusu amelala, anapiga mluzi bila kujijua. Jambo Bwana. Tukamrushia kandambili.